Bima ya mazao hulipa kipimo, si hasara

Mkulima aliyekata bima ya mahindi anaweza kuvuna magunia mawili kwa ekari asipate fidia hata shilingi moja, huku mwingine wa kata ya pili, aliyejaza ghala, akiona pesa zimeingia kwenye simu. Hakuna aliyedhulumiwa, wala wakala hajala hela za mtu. Hati imefuatwa neno kwa neno. Tatizo ni kwamba wote wawili waliambiwa "mkipata hasara mtalipwa", na maneno hayo si ya kweli katika bima nyingi zinazouzwa kwa wakulima wadogo wa Afrika Mashariki. Kinacholipwa ni tofauti kati ya namba mbili: ile iliyoandikwa kwenye hati kabla ya msimu, na ile iliyopimwa baadaye. Shamba lako linaweza lisiwemo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa wakala lisiwe bei. Muulize: mnapima nini, mnapimia wapi, na mnaanza kupima lini?

Anayepima shamba lako mwenyewe

Ya zamani kati ya aina tatu tutakazoziona ni ile inayokagua shamba moja moja. Mtaalamu huja kabla ya kukubali kukukatia, huangalia udongo, mbegu, nafasi kati ya mistari na historia ya mavuno, hurudi katikati ya msimu, kisha huja tena unapokaribia kuvuna. Hulinda dhidi ya majanga mengi kwa pamoja: ukame, mafuriko, moto, mvua ya mawe, na mara nyingine wadudu na magonjwa yasiyozuilika.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme shamba lako hutoa wastani wa magunia 20 kwa ekari, na kampuni imekubali kulinda asilimia 65. Hayo ni magunia 13. Bei iliyokubaliwa ni shilingi 3,000 za Kenya kwa gunia, hivyo kiasi kilichokatiwa bima ni 39,000 kwa ekari. Ukivuna magunia matano, yamepungua manane chini ya 13, na fidia ni 24,000. Ukivuna 13 au zaidi hulipwi kitu, hata kama umezoea 20. Yale magunia saba ya juu ni hasara yako mwenyewe, na hilo limewekwa makusudi: kampuni inataka nawe uumie kidogo ili usiache kupalilia.

Bei hiyo ya 3,000 haibadiliki soko likibadilika. Mahindi yakishuka hadi 2,000 wakati wa mavuno, au yakipanda hadi 5,000, fidia ni ileile. Wengi huudhika hapa. Bima ya mazao hailindi bei.

Udhaifu wa aina hii ni gharama za ukaguzi. Kumtuma mtaalamu mara tatu kwenye shamba la nusu ekari ndani ndani huko kunagharimu kuliko ada yenyewe. Kwa hiyo kampuni nyingi huiuzia mashamba makubwa, au vikundi vilivyounganisha mashamba yanayokaribiana. Ukiwa na ekari mbili peke yako na mtu akakuambia anakuuzia bima ya kukagua shamba lako kwa bei ya chai, soma hati hiyo polepole. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni mojawapo ya hizi mbili zinazofuata.

Anayepima mvua

Kenya ilianza kujulikana kwa bima ya namna hii mwaka 2009, mradi wa Kilimo Salama ulipojaribiwa Laikipia. Mkulima aliongeza asilimia 5 juu ya bei ya mbegu au mbolea kwa muuza pembejeo, simu ikasoma alama ya mfuko, na ujumbe mfupi ukaja kuthibitisha kwamba amekatiwa bima. Vituo vya hali ya hewa ndivyo vilivyoamua nani alipwe. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na setelaiti, na mradi ule uligeuka kuwa kampuni ya ACRE Africa.

Hati ya bima ya mvua hugawa msimu katika vipindi: kuota, kukua, kutoa mbelewele na kujaza punje, kukomaa. Kila kipindi kina kizingiti cha milimita na kiwango cha chini kabisa. Chukua kipindi cha mbelewele kilichotengewa shilingi 10,000, kizingiti milimita 60, kiwango cha chini milimita 20. Mvua ikifika 60 hakuna fidia. Ikiwa 20 au pungufu unalipwa 10,000 yote. Ikiwa 35, imepungua 25 katika nafasi ya milimita 40, yaani asilimia 62.5, nawe unapata 6,250.

Mambo yanayoharibu hesabu hiyo nzuri ni manne, na ni vizuri kuyajua yote kabla ya kutoa pesa.

La kwanza ni tarehe. Vipindi huhesabiwa tangu siku ambayo kampuni imeamua kwamba msimu umeanza, aghalabu mvua inapofikia kiasi fulani ndani ya siku kumi. Aliyepanda kwenye udongo mkavu kabla ya mvua, na aliyechelewa wiki tatu akisubiri trekta, wote wanahesabiwa kana kwamba walipanda siku hiyohiyo. Mahindi yako yanaweza kutoa mbelewele wakati kipindi cha mbelewele kimeshafungwa kwenye hati.

La pili ni mbegu. DH04, ambayo ni ya maeneo makavu, hukomaa mapema. H614 ya nyanda za juu kama Trans Nzoia hukaa shambani miezi sita hata zaidi. Vipindi vilivyochorwa kwa mahindi ya miezi minne havimfai mwenye H614. Uliza hati imechorwa kwa mbegu ya siku ngapi.

La tatu ni jicho la setelaiti lenyewe. Setelaiti nyingi haziioni mvua. Huona ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha hukadiria. Mawingu marefu ya radi yana vilele baridi sana na huonekana vizuri. Lakini mvua ya milimani na ya pwani, inayotoka kwenye mawingu mafupi yenye vilele vya joto, hupotea. Papo hapo wingu refu linaweza kupita juu yako bila kudondosha kitu, na likaandikwa kuwa mvua. Aidha eneo moja la picha si dogo. Takwimu za mvua zinazoitwa CHIRPS, ambazo hutumika sana katika kazi hii, zina viraka vya takriban kilomita 5.5 kwa 5.5, yaani karibu ekari 7,500. Ukiishi Machakos au Makueni unajua jinsi kilima kimoja kinavyogawa mvua. Upande huu matope, upande ule vumbi, na wote mko ndani ya kiraka kimoja.

La nne, na hili halitajwi sana, ni mvua ya pupa. Milimita 80 za siku moja hutiririka mtoni na udongo wako, lakini kwenye jumla zinaonekana kama baraka. Hati iliyotengenezwa vizuri huweka ukomo wa mvua ya siku moja inayohesabiwa, na hupuuza manyunyu ya milimita moja mbili. Hati isiyo na ukomo huo itakunyima fidia kwa sababu ya mafuriko ya siku moja katikati ya ukame wa mwezi.

Kisha kumbuka bima ya mvua haijui viwavijeshi. Haijui kweleakwelea wa Mwea wala wa Mbarali. Haijui mbegu feki. Inajua milimita tu.

Pamoja na hayo yote, kuna bima moja ya mvua ninayoiona ya thamani kwa bei yake: ile ya kulinda uotaji. Kadi huwekwa ndani ya mfuko wa mbegu. Unatuma namba yake kwa simu siku ya kupanda ukiwa shambani, ili mtambo ujue ulipo. Mvua hufuatiliwa siku 21, na ikishindikana hadi mbegu isiote unarudishiwa gharama ya mbegu mapema, msimu ukiwa bado unaruhusu kupanda tena. Kosa la kawaida ni kutuma namba ukiwa dukani au nyumbani mjini. Mtambo utafuatilia mvua ya dukani.

Anayepima mavuno ya eneo

Hii ndiyo serikali ya Kenya iliyoichagua mwaka 2016 ilipoanzisha mpango wa bima ya mahindi, ikianza na Bungoma, Embu na Nakuru, na kugharimia nusu ya ada. Kaunti na kata hugawanywa katika maeneo ya bima yenye udongo na hali ya hewa inayofanana. Wastani wa mavuno ya miaka iliyopita ya kila eneo huandikwa. Wakati wa kuvuna, wapimaji huchagua mashamba kwa bahati nasibu, hupima kipande kidogo cha mstatili ndani ya shamba kwa kamba, huvuna kila kilichomo, hupukuchua, hupima uzito na unyevu.

Mfano: wastani wa eneo ni magunia 15 ya kilo 90 kwa ekari, ulinzi ni asilimia 80, kwa hiyo kizingiti ni magunia 12. Mwaka huu wapimaji wamepata wastani wa 9. Yamepungua matatu katika 12, asilimia 25. Aliyekatiwa shilingi 24,000 kwa ekari anapata 6,000. Aliyevuna magunia manne anapata 6,000. Aliyevuna 14 kwa sababu ana pampu na mto anapata 6,000 vilevile.

Sasa geuza. Eneo limepata wastani wa 12.5. Shamba lako lilipigwa na mvua ya mawe ukabaki na magunia mawili. Huna fidia. Janga lako lilikuwa la peke yako, na bima hii hulipa majanga ya wengi.

Uzuri wake ni kwamba haijali mavuno yalipungua kwa sababu gani. Ukame, viwavijeshi vamizi, ugonjwa wa mahindi ulioonekana Bomet mwaka 2011 na kusambaa nchini, baridi, mafuriko: chochote kilichoshusha wastani wa eneo kinahesabiwa. Kwa mkulima mdogo wa mahindi, kati ya aina hizi tatu mimi ningeangalia hii kwanza, mradi eneo si kubwa mno. Eneo la bima linapokuwa kata moja, wastani wake unafanana na maisha yako. Linapokuwa wilaya nzima yenye bonde na mlima, bonde likiungua mlima unaficha hasara yake. Omba ramani au angalau orodha ya vijiji vilivyo ndani ya eneo lako.

Upimaji nao una mitego yake. Unyevu, kwa mfano: kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 si kilo 100 za mahindi makavu. Zikirekebishwa hadi asilimia 13.5 zinabaki kilo 92 na nusu. Mpimaji asiyebeba kipima unyevu, au anayekisahau garini, anaongeza mavuno ya eneo kwa karibu asilimia 8 bila kujua, na asilimia 8 zinatosha kufuta fidia ya kata nzima. Mtego mwingine ni mahindi ya kuchoma. Mwaka wa njaa watu huvuna mabichi, na mpimaji anapofika anakuta mabua. Shamba hilo likirukwa na kuchaguliwa lingine ambalo halikuguswa, wastani unapanda uongo. Kama shamba lako limechaguliwa, usivune upande uliopimwa kabla hawajarudi, na mwambie jirani yako asivune wa kwake.

Wengine huuza bima inayopima ukijani wa mimea kwa setelaiti. Kwa malisho ya mifugo kipimo hicho kimefaa, na ndicho kilichotumika Marsabit kuanzia mwaka 2010 kwa wafugaji. Kwenye mahindi ninasita. Shamba lililojaa magugu ni la kijani. Mahindi yaliyokosa mvua wiki ile tu ya mbelewele yatabaki ya kijani juu na matupu ndani.

Ada inatoka wapi

Wauzaji hupenda kusema bei ni ndogo. Wakulima husema ni kubwa. Njia ya kujua ni kupiga hesabu ya mara ngapi janga hutokea. Kama mahali fulani msimu huharibika kabisa mara moja katika misimu kumi, ada isiyo na faida wala gharama ni asilimia 10 ya kiasi kilichokatiwa. Juu yake kampuni huongeza gharama za wakala, upimaji, na ada inayolipa kwa kampuni kubwa zinazoikatia yenyewe bima, kama Africa Re au Swiss Re. Mahali ambapo msimu huharibika mara moja katika mitano, hesabu hiyohiyo inaanzia asilimia 20, na hakuna mkulima atakayelipa hivyo. Kinachofanyika ni kushusha kizingiti: badala ya kulinda asilimia 80 ya mavuno wanalinda 50, na ada inashuka. Kwa hiyo ada ya chini peke yake si habari njema. Linganisha ada na kizingiti, vyote viwili mezani.

Ruzuku hubadilisha picha. Uganda, mpango ulioanza 2016 hulipia wakulima wadogo nusu ya ada, na wa maeneo yenye hatari kubwa asilimia 80. Rwanda, kupitia Tekana Urishingiwe ulioanza 2019, serikali ilibeba asilimia 40. Tanzania kampuni za bima ziliungana mwaka 2023 kubeba hatari za kilimo kwa pamoja, chini ya macho ya TIRA, mamlaka ya kusimamia bima ya huko. Ruzuku hubadilika na bajeti. Thibitisha kiasi cha msimu huu kabla ya kupiga hesabu.

Kiasi cha kukatia nacho kina hila. Njia salama kwa mkulima mdogo ni gharama za shambani. Kwa ekari moja ya mahindi, mfano wa bei za Kenya: mbegu kilo 10, shilingi 2,800, mifuko miwili ya mbolea ya ruzuku, wa kupandia na wa kukuzia, 5,000, kulima na kupiga haro 6,000, kupanda 2,000, palizi mbili 6,000, dawa ya viwavijeshi 2,200. Jumla 24,000. Ada ikiwa asilimia 8 ni 1,920, na serikali ikilipa nusu unatoa 960. Weka bei za kwako. Ukikatia 10,000 ili uokoe mia chache, fidia ya asilimia 25 itakuwa 2,500, ambazo hazinunui hata mbegu ya ekari hiyo.

Na si kila shamba linahitaji bima. Robo ekari ya mboga za nyumbani, au hasara ndogo ndogo za kila mwaka, zinabebwa vizuri zaidi na akiba ya chama. Bima ni ya ule mwaka mmoja unaokulazimisha kuuza ng'ombe.

Kukata bila kujichongea

Dirisha la kukata hufungwa kabla ya msimu kuanza au wiki chache tu baada ya mvua za kwanza. Sababu iko wazi: utabiri ukishatoka na mbingu zikishaonekana, wanaobaki kutaka bima ni wale wanaojua wataungua. Kwa masika, anza kuuliza Januari au Februari. Kwa vuli, Agosti. Anayekuuzia bima ya mahindi Mei, mahindi yakiwa yameshafika magotini, ama anauza kitu kingine ama anakudanganya.

Bila ada kulipwa hakuna bima. Fomu iliyojazwa si bima, ahadi ya kulipa baada ya mavuno si bima. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni, si kwa simu ya wakala, na utunze ujumbe wa malipo pamoja na namba ya hati.

Jina kwenye hati lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi, na namba ya simu iwe iliyosajiliwa kwa jina hilo. Fidia nyingi hukwama hapa: bima iko kwa jina la mume, simu ni ya mke, laini imesajiliwa kwa jina la mtoto. Pesa zinatumwa, zinarudi, msimu mwingine unaanza. Ukibadilisha laini, wajulishe.

Angalia eneo ulilosajiliwa, si kijiji unacholala. Mwenye nyumba kata moja na shamba kata nyingine asajiliwe lilipo shamba. Ukubwa wa shamba uwe wa kweli. Ekari mbili zilizoandikwa tano zitakufanya ulipe zaidi, na zikigundulika, madai yote yanaweza kukataliwa.

Kisha soma ukurasa usiosomwa, wa mambo yasiyolipwa. Mara nyingi utakuta wizi, kushuka kwa bei, hasara ya ghalani pamoja na sumukuvu, kuchelewa kupanda, mbegu isiyothibitishwa, uzembe wa palizi, vita na ghasia. Tembo na nyani kwa kawaida hawamo. Wakulima wa Taita Taveta wanajua kwamba madai ya wanyamapori yana njia yake serikalini, ndefu kuliko ya bima.

Bima iliyofichwa kwenye mkopo

Hii inahitaji aya yake kwa sababu watu wengi wana bima bila kujua. Mikopo ya pembejeo, kama ya One Acre Fund na ya baadhi ya benki, huja na bima ndani. Ada imo kwenye marejesho. Janga likitokea, anayelipwa kwanza mara nyingi ni mkopeshaji: fidia hukata deni, na kinachobaki, kama kipo, ndicho chako. Si jambo baya, maana deni la msimu uliokufa ni mzigo mzito. Lakini kama uliitegemea fidia hiyo kununua unga, umejipanga vibaya. Omba nakala ya hati, tafuta jina la mnufaika wa kwanza, na uliza kama deni lililobaki linapunguzwa mara moja au unaendelea kudaiwa hadi fidia itoke.

Janga limetokea

Kwa bima ya mvua na ya mavuno ya eneo huna madai ya kupeleka. Malipo huja yenyewe kipimo kikishuka. Ya mvua inaweza kulipwa mapema. Ya mavuno ya eneo husubiri wapimaji wamalize, takwimu zikaguliwe na wizara au kampuni zikubaliane, na ni kawaida kungoja miezi miwili mitatu baada ya mavuno. Usiipangie ada ya shule ya muhula unaofuata.

Kwa bima ya kukagua shamba, saa inaanza kukimbia siku ya janga. Hati hutaja muda wa kutoa taarifa, na ni wa siku, si wiki. Piga simu, kisha tuma maandishi, ili kuwe na ushahidi wa tarehe. Piga picha huku ramani ya simu ikiwa imewashwa: moja ya shamba zima kutoka kila pembe, kadhaa za mimea kwa karibu, moja ya mpaka wako na jirani. Weka tayari risiti za mbegu na mbolea na tarehe ya kupanda.

Usilime wala kung'oa kabla mkadiriaji hajafika. Kama lazima upande tena kwa sababu mvua inapita, omba ruhusa kwa maandishi na uache mistari michache isiyoguswa sehemu tofauti za shamba ili apate cha kupima.

Kwa mvua ya mawe, mkadiriaji mzuri hatakadiria kesho yake. Atangoja siku saba hadi kumi. Mmea mchanga wa mahindi wenye majani matano au sita bado una kitovu cha kuchipua chini ya udongo. Unaonekana umekufa, lakini wiki ijayo unasimama. Mahindi yaliyofika majani saba yakivuliwa majani yote hupoteza takriban moja ya kumi tu ya mavuno. Yakivuliwa yakiwa yanatoa mbelewele, yamekwisha. Kwa hiyo hatua ya mmea siku ya mawe ina uzito kuliko ubaya wa picha, na ni vizuri uiandike siku hiyohiyo: idadi ya majani, au kama mbelewele imetoka.

Akija, tembea naye. Hesabu naye mimea kwenye kila kipande anachochagua, na hakikisha vipande havitoki upande mmoja wa shamba. Soma fomu yake kabla ya kusaini. Ukikubaliana na idadi ya mimea lakini si asilimia ya hasara, andika hivyo pembeni ya sahihi yako. Sahihi tupu ni kukubali.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu cha hati. Kwa bima ya mvua au ya eneo omba takwimu zenyewe: milimita za kila siku kumi za kiraka chako, au idadi ya mashamba yaliyopimwa na wastani wake. Kikundi cha wakulima ishirini wenye namba za hati husikilizwa haraka kuliko mmoja. Baada ya kampuni, Kenya unaenda kwa mamlaka ya kusimamia bima, IRA. Tanzania kuna TIRA na ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima. Nenda na hati, ujumbe wa malipo, tarehe ya kupanda, picha na ile barua ya kukataliwa. Asiye na barua hurudishwa kwanza kuitafuta.